Boma la Ogola Kwenye Kioo

Ogola alikuwa na kipaji, hakuna aliyembishia. Ubaya ni kwamba mwenyewe alikijua mno. Mwaka wa 1996, akiwa na miaka thelathini na sita, alipiga chapa katika ofisi ya Mama Maximilla karibu na soko la Kibuye. Kila Jumapili baada ya ibada, mama huyo alimwachia kompyuta moja atengeneze mchezo wake wa vita: koo mbili zinagombania ufuo wa ziwa, na mchezaji anajenga boma, anaunda mitumbwi, anapeleka askari.

Michezo ya Wazungu ilimkera. Vitufe vimerundikwa pembeni mwa kioo, na maandishi yote Kiingereza. Yeye alivipanga kama boma la Kijaluo: nyumba ya mke mkubwa juu katikati, ikitazama lango, ya mke wa pili kando yake, na chini, pande zote mbili za lango, nyumba za wana. Wachuuzi wa mitumba ambao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta waliketi wakacheza bila kuuliza neno. Ogola akavimba kichwa.

Huko kwao Seme, kwenye boma lenyewe la baba yao, mambo yalikwama. Ogola ndiye kifungua mimba, na kwa desturi yao mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na asiyejenga haoi. Ndugu yake Oketch, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa bado analala kwa binamu. Kwao mchumba wake, Lornah, walishasema hawatangoja kupita Pasaka. Kibanda cha udongo cha Ogola kingesimama kwa siku mbili tu, lakini miaka mitano mfululizo alijibu, "Nitajenga Krismasi hii." Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Pasaka ikapita. Jumapili iliyofuata Oketch alitokea ofisini, vumbi hadi magotini. Ogola akafurahi kweli, maana alihitaji mchezaji mgeni wa kumchunguza. Akamkalisha, akafungua daftari.

Oketch akacheza. Alipofika langoni akabonyeza nyumba ya mwana mdogo. Haikujengeka. Kitufe chake kilikuwa kimefifia, rangi ya majivu.

"Mbona hii haishiki?"

"Hapo ndio utamu, omera, ndugu yangu! Hiyo ni ya mdogo. Lazima ya mkubwa isimame kwanza. Hakuna mtu nimeelezea, wote wanajua tu."

Oketch hakuigusa ya mkubwa. Alibonyeza ileile tena, na tena.

"Lornah ameolewa Alhamisi," akasema. "Wamempeleka Ugunja."

"Ai, pole sana," Ogola akasema, na alikuwa na huruma, ila kalamu ilikuwa tayari mkononi. Akaandika: mchezaji amebonyeza kitufe kilichofifia mara kumi na moja, paongezwe maneno, "Mngoje kaka yako."

Kisha akayasoma kwa sauti, amuulize ndugu yake kama yanaeleweka.