Wasiliana na Msimamizi Wako

Hebu mwone anavyoingia: mrefu, mabega yameshuka kidogo, kitambaa cha kufutia vioo kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati. Chumba cha kompyuta cha chuo kinanyamaza kabla hajasema neno. Wanafunzi wamempa jina la Kufuli, na jina lenyewe limemkaa sawasawa.

Kazi yake ndiyo hiyo. Kompyuta ishirini, watumiaji mia mbili, kila mmoja na akaunti yake. Unafungua unachohitaji, basi. Ukigusa mipangilio au programu usiyoruhusiwa, kioo kinakuandikia: "Imezuiwa. Wasiliana na msimamizi wako."

"Mzee Kufuli, hata saa siwezi kubadilisha?" binti mmoja alilalamika.

"Saa unataka kuipeleka wapi? Muda wa kutoka ukifika nitakwambia mwenyewe."

Nyumbani mambo yalikuwa hayohayo. Kompyuta ilikuwa moja, sebuleni. Mkwewe, mume wa binti yao, aliwahi kuweka mchezo wa magari, ukaja na virusi, picha zote za harusi zikapotea. Tangu siku hiyo Kufuli akafunga kila kitu. Mkewe, Mama Wawili, aliachiwa programu ya kuandikia tu, maana alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama.

Na mama huyo alikuwa na sauti! Alimwita mtu ng'ambo ya barabara bila kunyanyuka kitini. Akicheka, jirani naye anacheka, kisa hakijui.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Hospitali wakasema kuna uvimbe, utakatwa Ijumaa. Kufuli alisubiri nje kwenye benchi. Aliyoambiwa mkewe mle ndani, mkewe hakuyatoa nje.

Jumatatu asubuhi, wakinywa chai, mama akaanza.

"Bwana Msimamizi!"

"Naam, mtumiaji wangu."

"Kompyuta yako inanifukuza. Eti niwasiliane na wewe. Nifungulie ile ya kurekodi sauti, kisimu changu hiki hakirekodi."

"Ya nini? Unataka kutoa albamu uzeeni?"

"Wivu tu huo. Nifungulie, bwana."

"Kesho, mama. Nimechelewa."

Jumatano akaomba tena. Kufuli alikuwa anafunga kamba za viatu; akasema kesho. Alhamisi mama hakuomba. Ijumaa akaingia chumba cha upasuaji.

Uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao. Haikukauka tu, iliisha. Daktari akamshangaa Kufuli: "Kwani mkeo hakukwambia? Alijua wiki nzima."

Mwezi uliofuata binti yao akajifungua. Kufuli akakaa kwenye kompyuta kutafuta nafasi ya picha za mtoto, na kwa mazoea ya kazi akapitia orodha ambayo mashine hujiandikia yenyewe, ya kila aliyejaribu kufungua kilichofungwa. Mtumiaji: Mama Wawili. Programu: kurekodi sauti. Imezuiwa. Jumatatu mara tatu. Jumanne mara mbili. Jumatano mara mbili. Alhamisi mara nne, ya mwisho saa kumi na dakika tano jioni.

Kumi na moja.

Akaingia kwenye akaunti ya mkewe. Mlikuwa na barua za kikundi, na chini yake karatasi moja yenye kichwa "Ya kumsomea mjukuu". Ilikuwa hadithi ya paka aliyeogopa kivuli chake. Katikati, ndani ya mabano, mama alikuwa amejiwekea alama: (hapa nicheke). Mistari sita mbele: (hapa nicheke sana).

Kufuli alizima kioo, akabaki amekaa na kitambaa chake mkononi.

Siku hizi akaunti ya Mama Wawili iko wazi yote, mpaka mipangilio. Mwenyewe hajaigusa. Hukaa na mjukuu mapajani, midomo inacheza, mtoto anakodoa macho akingoja kitu kitoke. Akitaka jambo huandika kwenye daftari: "Chai yako inapoa."

Kila jioni Kufuli hujongeza kiti chake, akafumbua mdomo kumwambia mkewe kwamba ameiona ile orodha, kwamba amezihesabu zote. Mkewe huinua macho. Naye huishia kumuuliza kama anataka maji.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?