Damu Chini ya Kitenge

Mwezi wa kwanza, hapa Bunia, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Upepo unakausha midomo, unakausha koo, na mimi unanikausha pua mpaka ndani panaota magamba. Ukiyagusa tu, damu. Ndivyo nilivyo tangu utotoni. Nyumbani walinicheka: "Pua ya kizungu hiyo, haijazoea vumbi yetu." Walinimwagia maji kichwani, wakanitupa kichwa nyuma, nikameza damu mpaka nikatapika. Baadaye muuguzi wa kituo cha afya alinifundisha: kaa, inama mbele, bana pua hapa chini penye nyama laini, pumua kwa mdomo, na usiachie haraka eti uangalie kama imekoma. Usiku, paka vazelini kidogo ndani. Nilifanya hivyo miaka mingi. Lakini usiku wa kuamkia mahari yako, nani anakumbuka pua?

Asubuhi waliniweka katika chumba cha mama. Dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi, na pasi ya makaa imewaka humo humo, wananyoosha kitenge cha kunifunika. Shangazi zangu wawili walikaa, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kwetu msichana anayetolewa mahari hatoki, hasemi, haonekani mpaka aitwe. Anapelekwa sebuleni amefunikwa kichwa mpaka kiuno, na anayemfunua ni shangazi wa mwanaume anayeoa. Nilipenda kuiona desturi hiyo ikifanywa kwa wengine.

Nilikuwa nimeshafunikwa, wageni wameshaketi, nikasikia kitu cha moto kinashuka juu ya mdomo. Tone likaanguka kwenye mguu wangu.

"Sasa hii damu ya nini?" shangazi wa kulia akanong'ona. "Tupa kichwa nyuma."

"Hapana, shangazi. Niache niiname."

"Bakwe batasema tulibaficha ugonjwa."

Nilijua hilo kuliko yeye. Ukoo wa hao wakwe ulikuwa umeshamkataa msichana mmoja kabla yangu, kwa neno la jirani tu kwamba ana kifafa. Na mimi nilimtaka yule mwanaume. Niseme wazi: nilimtaka kuliko nilivyotaka kuendelea na masomo, na masomo niliyapenda sana. Tukaitwa.

Waliniketisha kwenye mkeka katikati ya watu. Nikainama, mkono ndani ya kitenge, vidole vimebana pua. Joto. Pumzi yangu mwenyewe inanirudia usoni, ladha ya chumvi mdomoni, mkono wa blauzi umeshalowa. Kuinuka siwezi. Kujifuta siwezi. Nikasikia wamama wa upande wao wanasifu: "Angalieni vile anainamisha kichwa. Huyu alilelewa." Hasira ilinipanda, na kicheko pia, vyote viwili nikavimeza pamoja na damu.

Kisha baba akauliza lile swali ambalo lazima msichana alijibu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote.

"Mutoto yangu, unabajua hawa batu? Tupokee vitu vyabo?"

Nikiachia pua, damu itamwagika mkekani. Nisipoachia, nitaongea kama mwenye mafua. Sikuachia.

"Ndiyo, baba. Mupokee."

"Masikini, analia," mama mmoja akasema. Wengine wakaguna kwa huruma.

Nikasikia hatua. Kitenge kikainuliwa upande mmoja, nikamwona shangazi wa mwanaume, mama mnene mwenye macho makali. Aliona vidole vyangu, kidevu, blauzi. Hakushtuka. Alinitazama muda wa kutosha mimi kujiona nimesharudi chumbani kwa mama, mahari imerudishwa, majirani wamejaa mlangoni. Halafu akashusha kitenge taratibu.

"Mutoto iko analia mama yake," akawaambia watu. "Mumuachie kwanza."

Vigelegele vikapigwa. Yeye akaketi kando yangu, akapenyeza kitambaa chake chini ya kitenge. Damu ikakoma. Aliponifunua, uso wangu ulikuwa safi, na blauzi ameshaizungushia kitenge kingine.

Hakumwambia mtu. Si kaka yake, baba mkwe wangu, si mume wangu. Alipofiwa na mume wake alihamia kwangu na mume wangu, na kila mwezi wa kwanza ananiwekea kikopo cha vazelini kando ya kitanda. Yeye ndiye anayeamua tupike nini, tusali wapi, nani aje kututembelea. Na mimi naitika. Hajawahi kunikumbusha siku ile hata mara moja. Angenikumbusha, ningepata pa kugombana naye.

Mwaka huu nilipata nafasi ya kusoma uuguzi Kisangani. Mume wangu alikubali, tena alifurahi. Ilibaki kumwambia yeye. Nilimwambia asubuhi aliyoniletea kikopo, vumbi limejaa barazani, naye amesimama mlangoni.

"Ni vizuri," alisema. "Na mimi nitabaki na nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Juma zima nilikuwa nimelifanyia mazoezi nikifua, nikipika. Nikalimeza, nikapokea kikopo, nikainamisha kichwa mbele yake kama siku ile mkekani. Pua yangu ilikuwa kavu, halikutoka hata tone la damu.