Nguo Alizotukatia Mama Kabla Hatujakua

Enzi zetu pale Bertrams, Noeli ilianza siku mama alipoifuta meza ya kulia, akaondoa chupa ya mafuta na sahani ya ndimu, akatandaza kitenge mpaka kikagusa sakafu pande zote mbili. Mliokulia mitaa ile mnakumbuka. Kuanzia siku hiyo hatukula mezani tena. Tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo chini, migongo ikiwa imeegemea ukuta, na tukiinua macho tulimwona mama kutokea chini: kidevu, viwiko, na ule mkasi mkubwa mweusi uliotembea kwenye kitambaa kwa sauti ya mtu anayekanyaga majani makavu taratibu.

Tulikuwa watatu. Mimi, Pascal, ndiye mkubwa. Akafuata Solange, kisha kitinda mimba wetu Nabintu, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg na kujua kusema "eish" kabla hajajua kusema shikamoo. Wazazi wetu walitoka Bukavu. Papa alikuwa mlinzi wa duka la fanicha kule Malvern. Mama alikuwa fundi wa nguo: sare za shule, magauni ya kwaya, suti za vitenge za akina mama wenye biashara zao Jules Street. Wateja wote walipanda ngazi mpaka chumba chetu cha ghorofa ya pili, wakakaa kwenye kitanda cha wazazi kusubiri zamu, wakisengenyana kwa Kiswahili na Kifaransa, na Kizulu walipotaka tusielewe. Tulielewa.

Mama hakutumia futi. Alimsimamisha mtu mbele ya dirisha, akamtazama, akampima mgongoni kwa shubiri mbili tatu, basi. Vidole vyake vilikuwa na ubaridi wa chuma hata mwezi wa kumi na mbili, jua linapochoma. Sisi watoto tulipenda kujikunja ili tumwone akikosea. "Simama wima," alisema. "Usinidanganye na mabega." Wateja wapya walishtuka. "Mama Pascal, hata huandiki?" Naye alijibu akiwa ameshainama mezani: "Nimeshakuona." Na nguo ilipokwisha ilimkaa mtu kana kwamba alizaliwa nayo. Wengine walicheka kwa furaha mbele ya kioo. Wengine, nakumbuka, walijitazama, wakalipa, wakashuka ngazi haraka.

Tukishapimwa tuliachiwa kwenda chini. Tulicheza mdako kwenye ngazi, wasichana wakaruka kamba, tukapiga mpira wa mifuko ya plastiki mpaka ukafumuka katikati ya barabara na madereva wakatutukana kwa lugha nne. Siku za mechi uwanja mkubwa wa jirani ulinguruma mpaka vioo vikatetemeka. Watoto wetu wa leo wakicheza mpira, kinachotoka jasho ni kidole gumba.

Papa alirudi kutoka kazini asubuhi, macho mekundu, viatu mkononi ili asiamshe jirani. Lakini hakulala kabla hajakaa kwenye ncha ya meza na kumshikia mama pindo la kitambaa. Alimwita Madame.

"Madame, leo unanikatia nini?"

"Ulimi."

Papa alicheka mpaka akakohoa. Utani ulikuwa huohuo kila asubuhi, na sijawahi kumsikia akichoka nao.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitano, mama alianza kukata bila kushona. Cherehani lilifunikwa shuka. Alikuwa mgonjwa, sisi tuliambiwa ni uchovu. Alitoa vitenge alivyokuwa akivihifadhi tangu Bukavu, akakata asubuhi, akakata mchana, akikaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alituita dirishani mara nyingi kuliko kawaida. Alinipima mgongo kwa shubiri mbili, kisha akaongeza ya tatu hewani, mahali ambapo mgongo wangu haukuwa umefika. Na macho yake hayakunitazama usoni. Yalitazama juu kidogo ya kichwa changu, kama vile nyuma yangu kulikuwa na mtu mrefu zaidi aliyesimama akisubiri.

Alifariki majira ya baridi. Matanga yalikuwa ya wiki nzima, wanakwaya wamelala sakafuni kwetu, na jirani yetu Mama Zuhura, Mwislamu wa Tanga, akiwapikia wote na kuwagombeza wakibakiza. Yalipokwisha, papa alishusha sanduku la juu ya kabati ili ndugu wagawiwe nguo za marehemu. Hakukuwa na nguo. Kulikuwa na mafurushi, yamepangwa kama mikate, kila moja limefungwa kwa kipande cha kitenge chake. Tulifungua moja. Ndani kulikuwa na mikono ya shati, mgongo, kola, vyote vimekatwa na bado havijashonwa, na kwa chaki ameandika jina na umri: Pascal, 16. Kulikuwa na nguo za Noeli za miaka ambayo hatujaifikia. Zangu zilifika miaka ishirini. Za Solange zilifika ishirini. Za Nabintu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, sikuzihesabu siku ile. Papa alikuwa na furushi moja.

"Pascal," aliniuliza, "wewe ulikuwa unakaa karibu naye. Utaweza kushona?"

Nikasema nitaweza. Nilifuata mistari yake ya chaki kama mtoto anayefuatisha herufi. Noeli ile papa alivaa shati lake. Alikuwa amekonda sana tangu mazishi, mkanda wa kazini ameutoboa matundu mapya mawili, na nguo zake zote zilikuwa zikimning'inia. Shati lile lilimkaa sawasawa, mabegani, tumboni, shingoni. Lilikatwa alipokuwa mnene.

"Madame alijua nitakonda," alisema mbele ya kioo, akicheka. Halafu akageuka kutazama sanduku. "Yangu ni hii moja tu?"

"Labda alichoka, Papa."

Alilifunga sanduku mwenyewe. Noeli iliyofuata hakuiona. Kifua kilimshika, na tukamzika na shati lile kwa sababu ndilo lililomkaa.

Shule niliiacha wiki ileile. Shangazi wa Berea alikuja kumchukua Solange, na mama mmoja wa kanisani alimtaka Nabintu. Wote walikuwa na nia njema. Nikawapa chai, nikawaambia hapa haondoki mtu, nikakaa kwenye kiti cha mama. Wateja walirudi polepole, wakiniletea kwanza kazi ya kupunguza pindo na kubadilisha zipu. Vitambaa vilivyohitaji kukatwa nilivipeleka kwa fundi mmoja wa Malvern, yeye akate, mimi nishone. Mkasi wa mama niliutundika msumarini. Sikuugusa.

Na kila Noeli tulifungua mafurushi, moja la kila mtu.

Mwaka niliofikisha kumi na saba, suruali yangu ilikuwa na mguu wa kushoto mfupi kwa upana wa kidole. Nikadhani mkono wa mama ulitetemeka, nikausawazisha mwenyewe nilipokuwa nashona. Kabla ya sikukuu niliteleza kwenye ngazi zetu, nikavunjika mguu, ukaunga vibaya. Ilibidi nipunguze suruali upande wa kushoto, kwa upana wa kidole.

Solange alikuwa mbishi. Alipotimiza kumi na tatu akasema hizi ni hadithi tu, ataonyesha. Alikula magwinya, yale maandazi makubwa ya mtaani, mwaka mzima, matatu asubuhi, matatu jioni, akanenepa mpaka sare ikapasuka mgongoni darasani. Tulipofungua furushi lake, gauni lilikuwa pana kiunoni kuliko la kabla yake na la baada yake. Lilimkaa. Alilivaa kanisani akiwa na uso wa mtu aliyesutwa na marehemu, na tangu siku hiyo hakulifungua sanduku akiwa peke yake.

Mimi nilikuwa nimeshahesabu za Nabintu. Zilifika miaka kumi na moja. Baada ya hapo hakuna kitu. Nilitafuta chini ya sanduku, nyuma ya kabati, kwenye droo ya cherehani. Kumi na moja. Na nilikumbuka papa alivyogeuka kulitazama sanduku.

Sikumwambia mtu. Nabintu alipovaa gauni lake la mwisho, la manjano lenye ndege, alizunguka chumbani likavimba kama mwavuli, nami nilitoka nje nikashika ukuta. Mwaka uliofuata nilimchunga mpaka akanichukia. Nilimpeleka shule na kumngoja getini, nikichechemea nyuma yake, rafiki zake wakicheka. Hakuruhusiwa kuvuka barabara kwenye taa za robot peke yake. Akikohoa mara moja, niko naye kliniki. "Eish, Yaya, mimi si mgonjwa!" alilia, maana kwetu kaka mkubwa huitwa Yaya. "Unanitazama vibaya. Unanitazama kama picha."

Alikuwa amesema kweli. Mama alipotutazama alimwona mtu aliye mbele. Mimi nilipomtazama Nabintu nilimwona mtu aliyekwisha kupita.

Siku moja, sikukuu imekaribia, alikiburuta kiti, akalifungua sanduku mwenyewe. "Yaya, mbona zangu zimeisha?"

"Zimechanganyika na za Solange."

"Mimi najua kusoma," alisema. Alikaa sakafuni, sanduku wazi mbele yake, mtoto wa miaka kumi na mbili. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama hakuniona?"

Nilienda kwa Mama Zuhura. Alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nilimweleza yote, shati, mguu, magwinya, akasikiliza bila kuinua uso, na alipoinua, mikono ilikuwa imesimama kwenye ungo.

"Astaghfirullah," alisema. "Na miaka yote hii umekaa na jambo hili tumboni?"

"Nifanye nini, Mama?"

"Mbona humkatii?"

"Sijui kukata. Nashona alichokata mama."

"Mkasi uko wapi?"

"Msumarini."

"Basi marehemu amekata mpaka alipofika, Mungu amrehemu. Nani alikwambia baada yake pasikatwe?" Akarudi kwenye mchele wake. "Na umkatie kubwa. Wewe huna jicho la mama yako, usijifanye unalo."

Jumamosi asubuhi nilifuta meza. Nilitandaza kitenge kipya cha kijani, nikautoa mkasi msumarini. Ulikuwa baridi mpaka ukaniuma vidole, na dirisha lilikuwa limejaa jua. Nabintu alisimama pale tulipozoea kusimama, wima, mabega yametulia, akisubiri. Sikumpima. Nasema ukweli: niliogopa kumtazama nisije nikaona mwisho wake. Nikainamisha kichwa, nikakata upana wote wa kitambaa, nikifuata tu ukingo.

Solange alitoka jikoni mikono ikidondosha maji. "Nilidhani ni mama," alisema, akatuangalia. Sauti ya mkasi ilikuwa ileile. Nami nikiwa nimeinama nilihisi wazi kabisa kwamba upande wa pili wa meza kuna mtu ameshika pindo, kitambaa kisiteleze. Solange alikuwa mlangoni. Nabintu alikuwa dirishani. Sikuinua uso mpaka nilipofika mwisho, na kitambaa hakikuteleza.

Gauni lile lilikuwa balaa. Mikono ilipita vidole, pindo lilifagia kanisa. Wanakwaya walikufa kwa kicheko. "Pascal, umemshonea mtoto au umemshonea hema?" Nabintu alilikusanya kwa mikono miwili kama bibi harusi na kupita katikati yao. Akalivaa mwaka ule. Akalivaa na mwaka uliofuata, bado kubwa. Nami nilianza kulala.

Furushi langu la miaka ishirini nililivaa, na la Solange pia, kisha sanduku likabaki tupu, na sisi tukabaki hai. Mpaka leo sijui mama aliona nini kwa Nabintu, au kama mkono wake ulifika pale ukachoka tu. Zamani nilitaka kumuuliza. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, na ninapomwazia kwenye kile kiti na miguu yake iliyovimba, nataka tu kumwambia apumzike.

Siku hizi watoto wananunua nguo kwa simu. Zinaletwa na pikipiki, zisipowakaa zinarudishwa, na suruali zinazowakaa zimechanika magotini na wenyewe wanasema ndiyo fasheni. Nikiwaambia kulikuwa na mama aliyejua mwili wako wa miaka mitano ijayo, wanajibu "sharp, uncle" na kuendelea kutazama kioo cha simu. Siwalaumu. Nguo za mama zilitukaa sawasawa kila mwaka, na sijavaa tena nguo nzuri kama zile. Zangu mimi hazimkai mtu. Nimekuwa fundi wa kutegemewa, wateja wa Jules Street watawaambia, lakini nguo za ndugu zangu na watoto wao nazikata kubwa, na sitaki kujifunza vingine.

Noeli iliyopita Nabintu alikuja na wanawe wawili kutoka Malvern. Alivaa gauni nililompa, akanyoosha mikono, vidole havikuonekana.

"Yaya, jamani. Nina miaka thelathini na miwili. Utanishonea lini ya saizi yangu?"

"Vaa tu," nilimwambia. "Utakua."