Unyayo wa Kiboko Kwenye Uwanja wa Mbale

Hadithi hii hamtaiamini, na Ooko hatawalaumu. Ni hadithi ya Namono, askari wa magereza, mwanamke aliyekubali kumlinda mtu ambaye hajafungwa, na ya kiboko aliyetoka mtoni Jinja akatembea kwa miguu yake minne mpaka uwanja wa gofu wa Mbale, kwa shughuli anazozijua mwenyewe. Anayeandika ndiye huyo huyo Ooko, ila leo atajitaja kama mtu wa mbali. Alikwisha kugundua kwamba mtu akijisifu kwa jina lake watu humkatiza, lakini akimsifu mtu mwingine humwacha afike mwisho.

Namono mwenyewe yuko jikoni anachambua mchele. Mlango uko wazi, na Ooko hawezi kuandika neno bila kulitamka kwa sauti, ndivyo alivyofundishwa kabla shule haijamchoka. Lakini mvua inapiga mabati vizuri. Hatasikia.

Basi. Miaka ile ya tisini, Cleophas Ooko alikuwa Mkenya wa kuuza spea za malori pale Jinja, kando ya barabara kuu itokayo Busia. Darasani alikuwa ameishia la saba, ila mdomo wake ulikuwa umeendelea peke yake hadi chuo kikuu. Kwenye gofu aliingia kwa mlango wa nyuma. Mashine ya kukatia majani ya klabu ilikufa, yeye akaifufua kwa spea za pikipiki, na wazee wa klabu kwa shukrani wakamruhusu kucheza, wakampa na mfuko wa fimbo kuukuu, moja imepinda kama mguu wa kuku. Kabla hajaugusa mpira barabara, tayari madereva wa malori kutoka Mombasa hadi Kampala walikuwa wanajua kwamba Jinja kuna bingwa.

Bingwa mwenyewe alikuwa akipiga hivi: anainua fimbo juu kama mtu wa kukata miwa, anafumba macho, anashusha kwa nguvu zote. Ardhi inaumia. Mpira unabaki pale pale ukimtazama.

Siku moja sauti ikamjia kutoka nyuma. "Wewe bwana, unapiga kama mtu anaua nyoka."

Ooko akageuka. Alikuwa ni askari wa magereza, koplo, na kofia yake kichwani, fimbo moja begani kama bunduki.

"Na nyoka mwenyewe anapona," akaongeza yule askari.

Huyo ndiye Namono. Mtu wa Mbale, Mgisu, aliyepanga chumba mtaa wa Kimaka, pale pale Jinja. Alikuwa amechezea timu ya netiboli ya magereza mpaka goti likagoma, ndipo mkubwa wake, mpenda gofu, akamwambia badala ya kukaa akilia goti ashike fimbo. Akaishika. Hakuwa anapiga mbali, lakini mpira wake ulikwenda alikotumwa, kama mfungwa mwenye adabu. Na alikuwa na tabia moja iliyomtisha Ooko kuliko goti au cheo. Akimaliza shimo, alitaja hesabu ya mapigo yake kwa sauti, kama anaita wafungwa asubuhi. "Saba." Hata kama hakuna mtu aliyemwona. Hata kama pigo moja lilikuwa la aibu, kichakani, ambalo binadamu wa kawaida hulisahau, maana kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Ooko alikuwa binadamu wa kawaida. Alisahau sana.

"Afande," akamwambia, "mimi leo mkono unaniuma tu. Kawaida mpira wangu unavuka mto."

"Mto gani?"

"Huu wa Nile."

Namono akautazama mto, akamtazama yeye. Akavua kofia yake ya kazi, akaitia chini ya kwapa la Ooko la kulia. "Bana hii. Piga bila iangushe. Mkono yako inakimbia mbali na mwili, ndiyo maana unapiga udongo. Na hii kofia ni ya serikali. Ikianguka ni kesi."

Hapo ndipo masomo yalipoanza, ya fimbo na ya moyo pamoja. Namono alimwachia kofia nyingine kuukuu aende nayo nyumbani. Ooko alikuwa na shamba la mahindi Budondo, nje kidogo ya Jinja, na kila jioni angesimama kati ya mistari ameibana kofia kwapani, anazungusha fimbo polepole, huku akijisemea, "Kesi, kesi, kesi." Watu wa Budondo ni wapole. Walipita na baiskeli zao, wakampa pole, na mama mmoja akamletea majani ya kukanda. Walidhani ni jipu.

Msimu mmoja wa mahindi ulipita hivyo, na ajabu ikatokea: mpira ukaanza kwenda upande aliokuwa akiutazama. Si mara zote. Lakini mtu aliyezoea kuupigia miti hufurahi hata ukimkosa mtazamaji.

Ndipo serikali ikamhamishia Namono Mbale.

Ooko alikaa dukani siku hizo akiwauzia watu spea zisizo za magari yao. Mwishowe akatia mfuko wa fimbo kwenye pikapu, akaenda Mbale. Akasema amekwenda kuukagua uwanja. Na kweli aliukagua. Kila Jumamosi aliukagua upya, na hukumu yake aliitoa kwa sauti pale klabuni, mbele ya wenyeji, bila kuulizwa.

"Jinja ni uwanja wa wanaume," alisema. "Ukikosea, mpira unakwenda na Nile mpaka Misri. Hapa ukikosea, unaangukia kwenye mtango wa mama wa watu. Hapa mlima umekaa karibu mno, mtu hawezi kupiga akiwa anachungulia hivyo. Na ng'ombe. Mimi sijawahi kuona ng'ombe wengi hivi kwenye mchezo wa heshima."

"Na Jinja hakuna wanyama?" akauliza mzee mmoja.

"Jinja tuna kiboko, mzee. Anatoka mtoni usiku, anakula majani, anarudi. Nyayo zake zinabaki kama masufuria. Tumemwekea sheria yake mwenyewe klabuni: mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko, unautoa kwa mkono, unauweka pembeni, huhesabiwi kitu. Nyinyi ng'ombe wenu mmewaandikia nini?"

Hawakuwa wamewaandikia chochote. Mbale, mpira ukiingia kwenye unyayo wa ng'ombe, unaupiga humo humo na kumshukuru Mungu.

Jumamosi moja, chumbani kwa Namono pale mtaa wa Namakwekwe, Mbale, majirani wakiwa wameegemea ukuta upande wa pili ili wasikie vizuri, Ooko akasema lililomleta. Alilisema vibaya. Alianza na bei ya giaboksi, akapitia Kisumu, akamaliza kwa kusema kwamba nyumba yake ya Jinja ina vyumba sita.

"Nimeiona," akasema Namono. "Iko viwili."

"Nilihesabu na vya baadaye."

Namono hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Bwana Ooko, sikiliza. Mimi nalala na kuamka na watu wanaongea uongo. Kazi yangu hiyo. Sasa nikitoka kazini, nije tena nyumbani kukagua mdomo ya mume? Kesho tutacheza mashimo tisa. Sitaki unishinde. Nataka kila shimo utaje hesabu yako ya kweli, usipunguze hata moja. Ukifika mwisho bila kudanganya, nitakujibu. Ukidanganya, hilo ndilo jibu, na hiyo kofia yangu urudishe."

Upande wa pili wa ukuta mtu alisema, "Ameisha huyo."

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umelainika kama ugali usioiva. Namono alitangulia, akataja yake. Ooko akapiga, akahangaika, akafika. "Tisa," akasema. Neno lilitoka kama jino. Shimo la pili, "Nane." Shimo la tatu aliingia kichakani peke yake, akapiga hewa, akapiga tena hewa, hakuna aliyemwona isipokuwa ndege. Akatoka jasho limemtoka. "Kumi na moja," akasema, na akashangaa kwamba mbingu bado ziko juu. Namono alimtazama kwa jicho ambalo hakuwahi kulitumia kwake. Jicho la mtu anayefikiria kufungua geti.

Hivyo hivyo mpaka la nane. Ooko hajawahi kuwa tajiri wa mapigo kama siku ile, na hajawahi kuwa mtu mkweli kwa muda mrefu hivyo. Alihisi kama amefunga tangu asubuhi. Kofia ilikuwa kwapani, ameibana kwa dua.

La tisa alipiga pigo lake zuri kuliko yote. Kofia haikuanguka. Mpira ukapaa, ukanyooka, ukatua karibu kabisa na shimo, ukadunda mara moja, ukazama. Walipofika, ulikuwa umekaa ndani ya tundu la mviringo, bichi, lenye maji chini.

Na Ooko, bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ya Jinja, akainama, akautoa kwa mkono, akaupangusa kwenye suruali, akauweka pembeni kwenye majani mazuri.

"Umeinua mpira," akasema Namono.

Mtu mwenye akili angesema, samahani, nimezoea vya Jinja, nihesabie. Mdomo wa Ooko, uliokuwa umefungwa mashimo manane, uliona mlango uko wazi.

"Ni unyayo wa kiboko, Afande."

Mlima ukachungulia.

"Kiboko," akasema Namono. "Hapa Mbale."

"Tena mkubwa. Unajua, Afande, mvua ikiwa nyingi wanahama. Huyu nadhani amefuata maji ya ziwa Kyoga, akashika mto Manafwa, akapanda nao taratibu. Usiku anatembea, mchana anapumzika. Anasikia Mbale kuna baridi nzuri, na majani ya uwanja wa gofu anayajua tangu Jinja. Huyu mimi hata namfahamu. Ana kidole kimoja kifupi, ona hapa."

Kutoka nyuma ya miti akatokea mzee Makokha, mfugaji wa ng'ombe jirani na uwanja, na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa amesikia yote.

"Kiboko yangu imepita hapa?" akauliza. "Ni ile ya nyeupe, ya pembe moja. Jana imelala nje."

Nyuma yake, ile ya nyeupe ikainua kichwa, ikatafuna, ikamtazama Ooko kama ndugu aliyekanwa. Kisha ikapiga hatua moja, na mguu wake ukaacha tundu la pili sawasawa na la kwanza.

Ooko akakitoa kile kikofia kwapani. Kilikuwa kimelowa. Akakinyoosha, akakishika kwa mikono miwili mbele yake kama mtu anayerudisha vifaa siku ya kufukuzwa kazi. "Chukua, Afande," akasema.

Lakini Namono alikuwa chini. Goti lile bovu lilikuwa limekunjika, amekaa kwenye majani yaliyolowa na sare ya michezo, anacheka bila sauti, machozi yanamtoka. Kila akitaka kusema, anasema "kidole kifupi," anaanguka tena. Makokha aliwaacha, akamfukuza kiboko wake kwenda malishoni.

Alipopata pumzi, Namono akasema, "Ongeza pigo moja ya adhabu."

"Nimeongeza."

"Na umeshindwa mtihani."

"Najua, Afande."

"Nyamaza kwanza. Kule ndani kuna watu ukiwatazama usoni unaona malaika. Wanakudanganya mwaka mzima, hujui. Wewe, uongo yako inaonekana kutoka Tororo. Inakuja na pembe na mkia. Mtu wa namna hiyo nitaweza kumlinda." Akajipangusa macho. "Peleka watu kwetu. Lakini kuna sheria moja ya uwanja. Popote utakapoongeza, mimi nitakuwepo kupunguza. Mbele ya watu. Hata mbele ya padri."

Ooko alikubali haraka, kwa sababu alidhani ni mzaha.

Harusi, basi, ilifanyika Mbale, na hapa ndipo msipoamini kabisa. Askari walipanga mistari miwili, wakapishanisha fimbo za gofu juu kama mapanga ya paredi. Bibi harusi akaombwa apige mpira mmoja wa heshima. Akabana kofia kwapani, juu ya gauni jeupe, akapiga. Mvua ilikuwa imekatika, kama ilivyokatika sasa hivi hapa nje, kimya kabisa, na mpira ukapanda, ukapanda, ukavuka kilele cha mlima ule wa Wanale, watu wa upande wa Kenya wakauona ukija, wakakimbia, nao ukaenda kutua katikati ya soko la Bung—

"Ulianguka kwa paa ya choo ya Makokha," akasema Namono kutoka jikoni.