Funguo ya Papa Hangi mu Shimo la Ndizi

Muniache nijisemee mwenyewe aibu yangu kabla hamujaisikia kwa bibi yangu, muke wangu, maana yeye akiisimulia anaongezaka chumvi, na chumvi haikuhitajika, mambo yalikuwa mabaya ya kutosha. Mpaka leo nikipita Kibabi wamama wenye kupalia maharagi wananiita, "Papa Furaha, ndizi zimeiva?" na wanaanguka kucheka, na mimi najifanya sikusikia. Nasikia. Nasikia sana.

Wakati ule wa Wabeleji nilikuwa shofere wa Papa Hangi, muchuuzi wetu, muntu mweusi wa kwanza ku kilima chetu kununua kamionete (ya zamani, mulango mumoja ulifungwa na kamba, lakini motoka ni motoka). Na mimi njo nilikuwa wa kwanza kuiendesha, na sitawadanganya, nilijaa majivuno. Nilikuwa nazungusha funguo ku kidole hata nikienda chooni.

Basi ikafika habari ya Kitshanga. Wezi waliingia mu nyumba ya shofere mumoja kule, jamaa yote iko shambani, hawakugusa chungu, hawakugusa mbuzi, walienda moja kwa moja ku musumari wa ukutani, wakachukua funguo, wakasukuma motoka polepole mpaka ku muteremuko, na kwaheri. Habari hiyo ilimunyima Papa Hangi usingizi. Siku alikuwa anaondoka kwenda Walikale na wabebaji wake kununua mawese, akaniita mbele ya watu, akaniwekea funguo mu mukono.

"Bwira, mwizi wa motoka haanzi ku motoka, anaanza ku nyumba yako. Ku musumari usitundike. Funguo hii ikipotea, weye unarudi ku jembe, na mwingine atashika volan, ataendesha yeye. Umesikia?"

"Nimesikia, Patron."

Ku jembe! Mimi, ambaye watu wazima walikuwa wananivulia kofia!

Bibi yangu, Mama Furaha, akanipa shauri moja la akili: "Funga na kamba, uvae ku shingo." Nikamucheka. Nikamwambia weye mwanamuke unajua nini mambo ya motoka, mwizi akiona kamba ku shingo si atakata kamba na shingo pamoja? (Mushike hiyo maneno ya shingo, itarudi kunipiga.) Nikawaza chini ya kitanda: hapana, mwizi anaanzia hapo. Mu chungu ya chumvi: itashika kutu. Mu nyasi za paa: panya. Mwisho nikaona shimo letu nyuma ya nyumba, zile ndizi za kasiksi, pombe yetu, tulikuwa tumezifukia ziive, majani juu, na udongo juu ya majani. Nikajiambia, Bwira, mwizi gani wa motoka atafukua ndizi? Nikafunga funguo mu jani, nikaisukuma katikati ya mukungu, nikafukia vizuri, nikanawa mikono. Sikumwambia muntu. Hata bibi. Zaidi bibi.

Kitu kimoja tu nilisahau: ndizi ikifukiwa, inafukuliwa. Njo kazi yake! Mimi nimezaliwa mu migomba, nimekunywa kasiksi tangu ndevu hazijaota, na nikasahau hiyo.

Siku ya Mungu nikaenda kusali, kurudi nakuta shimo wazi, majani huku na kule, ndizi haiko hata moja, na mulango wa nyumba uko wazi. Muntu mwenye akili angeuliza kwanza bibi yake iko wapi. Mimi nikapiga mayowe: "Mwizi! Mwizi! Wameiba funguo ya Papa Hangi!"

Kilima chote kikaja, wengine na panga, wengine na fimbo, mumoja na kitabu cha nyimbo za kanisa angali amekifungua. Motoka ilikuwa palepale mbele ya duka. Nikawaambia wezi wana funguo, kwa hiyo watarudi, kwa hiyo tutoe magurudumu (ndiyo, mimi njo niliamuru, na kwa sauti kubwa). Wakatoa yote, kila moja ikafichwa mu nyumba yake, motoka ikabaki imekaa juu ya mawe kama kuku juu ya mayai. Nikaona haitoshi, nikawatuma wakate muti na waulalishe mu barabara. Wakakata. Muti wenyewe ulikuwa avoka, parachichi ya Papa Hangi, lakini muntu akiwa mu vita haulizi muti ni wa nani.

Hapo Mama Furaha anatokea, kitunga ku kichwa, anatembea pole kama muntu anatoka kwao.

"Nani amekufa?"

"Tumeibiwa! Ndizi zote!"

"Mwizi gani weye? Mama yangu njo amekuja kuchukua ndizi, anakamua leo, mimi mwenyewe nimemusaidia kubeba. Si nilikwambia jana, ukaitika?"

Watu wote wakaniangalia. Nikakimbia kwa mama mukwe.

Sasa munajua desturi ya kwetu: muntu hatazamani na mama mukwe wake. Haumupi kitu mukono kwa mukono, na ukiwa na neno unamugeuzia mugongo, unalituma kwa mwingine. Mimi na majivuno yangu yote ya volan, heshima hiyo niliishika. Nilipofika kwake nikajificha nyuma ya mugomba, mugongo wangu kwao, jasho linatiririka, nasikia wamama wanakamua ndizi mu muvure, ule mutumbwi wa mbao, na wanaimba. Nikamwita Nyota, mudogo wa bibi yangu (ulimi wake unajulikana mpaka Masisi).

"Shemeji, mwambie mama, mu ndizi zile kulikuwa kitu changu."

"Kitu gani?"

Hapa njo ningesema funguo. Neno moja tu! Lakini kumwambia Nyota kwamba shofere mukubwa amefukia funguo ya motoka pamoja na ndizi, nikaona haya, nikajibu, "Kitu kidogo tu. Nilikiweka sababu ya wezi."

Wimbo ukakatika, ni Nyota anapiga kelele:

"Mama, tema! Mukwe ametia dawa ya wezi mu ndizi!"

Wakati ule kulikuwa watu wa kutega dawa mu mashamba yao, mwizi akila, tumbo linavimba mpaka aungame. Na mama mukwe alikuwa ameshaonja mutobe, yale maji ya ndizi, na kuonja kwake ni kibuyu kizima. Nikasikia anakaa chini, pu! "Tumbo langu! Nilimupa mutoto, na yeye ananitegea kama mwizi!" Wamama wakashika muvure, wakaupindua, mutobe wote ukaenda mu udongo, kazi yao yote tangu watoke kusali.

"Si dawa! Wamama, si dawa!" Nalia, mugongo uko kwao bado, kwa hiyo yote hiyo nilikuwa naiambia mugomba. Muntu wa kunisikiliza hakuna. Mwisho uvumilivu ukaniisha, na haya nayo ikaisha: "Funguo! Ni funguo ya motoka ya Papa Hangi!"

Tumbo la mama mukwe likapona palepale.

"Mwambieni ageuke," akasema.

"Shemeji, mwambie mama siwezi, ni heshima."

"Mwambieni, mwenye kutia chuma mu pombe ya mama mukwe wake, anaogopa heshima gani tena? Ageuke!"

Nikageuka. Nikaanza na miguu yake, halafu polepole nikapanda na macho. Ku shingo yake kulikuwa kamba ya mugomba, na ku kamba, funguo, imeoshwa, inang'aa. Aliikuta wakati wa kumenya, akaivaa isipotee, alingoja Mama Furaha arudi jioni aichukue. Wamama wote walikuwa wanaiona. Mwenye kuitafuta njo alikuwa ameigeuzia mugongo.

Nyota akachukua funguo, tukarudi, na nani ninamukuta amekaa mu barabara juu ya muti wa avoka? Papa Hangi, na wabebaji wake, na mawese yake. Kilima chote kilikuwa kinamweleza kwa mara moja. Hakunitukana, ingekuwa afazali. Aliangalia motoka juu ya mawe, akaangalia avoka yake, akasema:

"Kumbe ku kilima hiki kuna muntu mumoja anajua kulinda funguo."

Nikanyoosha shingo (mujinga mimi!), nikafikiri ni mimi.

"Nyota, irudishe kwa mama yako. Bwira akiwa na kazi, ataenda kuiomba."

Ku jembe sikurudi, Mungu asifiwe. Lakini miaka yote niliyobaki na volan ile, kila siku ya kazi nilisimama nyuma ya mugomba ule, mugongo kwao, kofia mu mukono, "Shemeji, mwambie mama naomba funguo," na Nyota analalamika kwa sauti ya kufika bondeni, "Mama, dawa ya wezi inatakiwa tena!" na mama mukwe anamaliza kwanza uji wake. Motoka haikuibiwa hata siku moja.

Leo niko na kinga yangu mwenyewe, baisikeli, na kufuli yake. Funguo ya kufuli siifukii, siifichi, na kama muntu ananiuliza ni kitu gani, namwambia ni funguo. Iko hapa, muione, ku kamba ku shingo. Shauri ni lile la Mama Furaha. Kila asubuhi anaiangalia tu, halafu ananiletea uji.