Aimu Wakihama Mtoni

Nilipokuwa mtoto huku Kalama, shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Watu walichimba visima katikati yake wakachota maji. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu, ndiye aliyenilea, na alinishika sikio asubuhi ya kufungua shule.

"Kabla hujavuka, chungulia kisima. Maji yakitetemeka na hakuna mtu ameyagusa, aimu wanahama. Rudi, na usiniulize."

Aimu ni pepo za wazee waliokufa. Mnacheka? Hata sisi tulicheka, ila mbali na mkono wa Susu.

Ilikuwa muhula wa pili, msimu wa mvua ndefu. Kwetu jua liliwaka. Mawingu yalikuwa huko milimani. Nilikuwa na Mwende, rafiki yangu wa pekee. Tulibeba viatu mkononi, kama watoto wote, ili mchanga usiviharibu kabla mwalimu hajaviona. Nikachungulia kisima cha kwanza. Maji yalitetemeka kama uji unaotaka kuchemka.

"Mwende, turudi. Aimu wanahama."

"Wahame na wewe! Baba amesema hayo ni ya washenzi. Mimi sichapwi kwa kuchelewa."

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Kwao neno aimu halikutajwa hata kwa mzaha.

Nikarudi nyuma, nikapanda ukingo wa upande wa nyumbani. Mwende alikuwa karibu kufika ng'ambo kiatu kimoja kilipomponyoka, akarudi kukiokota. Hapo maji yakafika, mekundu, yamebeba miti mizima, yakinguruma kama lori. Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Walimpata mbali sana, bondeni. Mama yake hakunilaumu, lakini hakunikaribisha kwake tena. Mimi nilibaki kutembea peke yangu kwa njia ndefu, ile ya kuzunguka mto, na muhula ulipokwisha nikaacha shule. Hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini.

Watu walisema aimu walimchukua. Upuuzi. Mvua ilinyesha milimani, na ardhi hutetemeka kabla maji hayajafika. Nadhani Susu alijua hivyo vizuri. Lakini mwambie mtoto wa miaka minane habari za mvua asiyoiona, uone kama atakubali kuchelewa shule. Mimi niliokolewa na uoga, wala sioni haya. Kwa kina Mwende walitupa aimu, sawa, lakini walitupa na kisima pamoja nao. Hakuna aliyemwambia achungulie.

Wiki ijayo shule zinafunguliwa, na huko milimani kumekuwa kweusi tangu jana. Ndinda, mjukuu wangu, ameniuliza, "Susu, kwani aimu wako kweli?"

"Wako," nikamwambia, "na wako na meno."

Padri akichukia, aje tuongee. Jumapili huwa ananiona kanisani. Yeye hajui kuzeeka ukiwa na rafiki mmoja tu, na huyo rafiki ana miaka minane mpaka leo.