Yohana Aliyejiita Ndugu

Jumapili iliyopita, kanisani hapa Goma, mhubiri alisema kwamba mtume Yohana ndiye aliyeandika kitabu cha mwisho cha Biblia, kisha akaendelea na mahubiri yake. Mimi sikuendelea naye, rafiki yangu. Kwa mawazo nilikuwa nimesharudi kijijini Kingi, kwenye kilima chetu, msichana wa miaka kumi na mmoja, nimekaa kwenye mkeka na bibi, tukitoa maharagi kwenye maganda.

Bibi hakujua kusoma. Alasiri, mvua ikianza kupiga mabati, alinipa Biblia na kuniomba kitabu kile cha wanyama wenye vichwa vingi na mji unaoshuka toka mbinguni. Mikono yake ilikuwa kwenye maharagi, masikio kwangu. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilikuwa inachemka jikoni, na nikiruka mstari ili nikaionje mapema, alinirudisha nyuma.

Mwaka ule shule ilipata mwalimu mpya, kijana aliyetoka kusoma teolojia. Alituambia darasani kwamba wasomi wengi hawaamini kuwa Yohana wa kitabu hicho ndiye yule mtume. Kigiriki chake hakifanani na kile cha Injili ya Yohana, na hata Wakristo wa zamani walibishana juu yake. Tukafikisha habari nyumbani, kila mtoto kwa namna yake. Jumapili, katekista, mzee aliyetufundisha sote kusali, akamsimamisha mwalimu mbele ya kanisa.

"Mwalimu, unatuharibia batoto. Ufundishe kama siye, ao urudie kwenye ulitokea."

"Papa, sikusema kitabu iko ya uongo," mwalimu alimjibu kama mtoto kwa baba. "Nilisema mwenye kuandika hakujiita mutume."

Watu wakanung'unika. Mama mmoja alikwisha kumfungulia mwalimu mlango atoke. Hapo bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kanisani, akasimama.

"Mutoto asome pale mwanzo. Yeye njo ananisomeaka."

Ni mimi niliyekuwa namsomea, basi nikaenda mbele nikasoma. Mwandishi anataja jina lake. Anajiita mtumishi, tena ndugu wa wale anaowaandikia, anayeteseka kama wao, naye yuko kisiwani kwa ajili ya neno la Mungu. Basi, hakuna zaidi. Katekista aliniomba nirudie. Kisha alichukua Biblia akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, na sisi tukangoja.

"Miaka yote nafundisha," alisema polepole, "kumbe mimi njo nilikuwa naongeza ile neno mutume."

"Mimi nilifikiriaka tu iko mutu mwenye alikimbizwa kwabo," bibi alisema. "Kama siye, wakati ya vita ya kwanza."

Mwalimu alibaki. Tangu hapo, siku za Alhamisi, katekista alikuja kukaa kwenye benchi la nyuma darasani kwetu, na maswali yake yalikuwa magumu kuliko yetu.

Halafu vita ikarudi, ikatutawanya. Bibi alizikwa kambini, mbali na shamba lake. Mwalimu alielekea upande wa Kalembe, na hakuna aliyeniletea habari zake tena. Wanaopita Kingi wananiambia kanisa halina paa, na majani yameota mahali tulipokuwa tunapiga magoti. Katekista naye sijui aliishia wapi. Nimesikia wahubiri wengi tangu wakati ule, wenye sauti kubwa kuliko yake. Sijamsikia mwingine akiwaambia watu wake kwamba alikuwa amekosea.